Umuganda wa Kwenye Simu

Jumamosi, 25 Oktoba. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, ikapungua kulipokucha vizuri, lakini wingu halikuondoka. Mlima wa Kigali sijauona mchana kutwa. Tope limeshuka na maji ya barabara ya juu mpaka kwenye kizingiti chetu, na nimelizoa kwa kipande cha bati.

Leo ilikuwa siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Watu wa mtaa wetu hapa Rwezamenyo walitoka na majembe kuzibua mitaro, nami nikatoka kwa niaba ya nyumba. Mume wangu kazi hatakiwi kuifanya, ana mguu mbovu, kila mtu anajua. Lakini kikao kinachofuata baada ya kazi, tangu aumie hakuwahi kukikosa. Alikuwa anakuja na mkongojo wake, anaketi juu ya tofali, anasikiliza habari za bima ya afya na takataka na ulinzi, na mara nyingi anaomba neno. Leo nilipita nyumbani nikamwambia, "Mume wangu, watu wanakwenda kwenye kikao." Akasema, "Nenda, Mama. Wewe unatosha."

Nimekaa kwenye kikao sikusikia hata kilichosemwa. Niliporudi nikaona niandike jambo hili lilivyokuwa. Sina hakika kama linastahili. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeibiwa kitu ambacho ningeweza kukionyesha polisi. Mimi mwenyewe nimesoma mpaka darasa la sita, halafu nikatiwa kwenye cherehani, na mambo ya intaneti nayajua kwa kuyasikia. Nikikosea mahali, anisamehe anayejua zaidi.

Mume wangu alikuwa motari, anabeba watu kwa pikipiki. Siku moja ya mvua kama hii, kwenye mteremko wa kushukia Kimisagara, gari dogo lilifunga breki mbele yake, naye akafunga, pikipiki ikalala juu ya mguu wake. Dereva wa gari alisimama. Alimpeleka hospitali mwenyewe, na akaja kumtazama mara nyingi, mara nyingine na mkungu wa ndizi. Siwezi kumsema vibaya. Mfupa uliunga, goti likakataa kukunja. Pikipiki ilikuwa ya mtu, ikarudi kwa mwenyewe.

Basi akawa anaketi kwenye benchi pembeni ya cherehani yangu, barazani. Wenzake wa kijiwe walikuwa wanapita wanamsalimia, lakini kwa ile sauti ya kumsalimia mgonjwa, ya polepole. Aliichukia. Akawa anaingia ndani akisikia mlio wa pikipiki, halafu mlio ukipita anatoka tena.

Likizo ya Desemba binti yetu alirudi kutoka shule ya bweni, akamfungulia akaunti kwenye ramani ya simu. Nia yake ilikuwa ndogo tu, kibanda changu kionekane ili wateja wanipate bila kuuliza uliza. Kesho yake simu ikamuuliza mume wangu swali kwa Kiingereza. Akamwita binti amsomee.

"Inauliza kama ile zahanati ya chini ina ngazi mlangoni, Baba."

"Nani anauliza?"

"Ramani."

"Ramani inaniuliza mimi?"

"Inauliza mtu yeyote aliyewahi kupita pale."

"Basi imempata mtu wake," akasema, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu hospitali nilipomsikia akicheka kwa tumbo.

Alijibu. Ikaja nyingine, akajibu. Duka hili bado lipo? Hapana, limekuwa saluni. Barabara hii gari linapita? Linapita, ila mvua ikinyesha halipiti. Binti alimwekea lugha ya Kiswahili ndani ya simu kabla ya kurudi shuleni, na hapo hakuhitaji mtu tena. Alianza kutoka. Kwanza mpaka msikitini, halafu mpaka sokoni, halafu akashuka Kimisagara kwa mkongojo, nusu siku nzima, kwa sababu ramani ilikuwa imechora barabara ya gari mahali ambapo kuna ngazi za zege tu. Motari wageni walikuwa wanafika pale na abiria wanakwama, wanageuza huku wanatukanwa. Alipiga picha ngazi zile juu na chini, akaandika kwamba hii ni ngazi, pikipiki haipiti, na ramani ikakubali. Alirudi ameloa jasho, mguu umevimba. Nilimkandia kwa maji ya moto na chumvi. Akasema, "Mama, nimeirekebisha Kimisagara," kama mtu aliyerekebisha bomba.

Simu ilikuwa inamwandikia kumshukuru. Ilimpa nyota, ikampandisha daraja, ikamwambia picha yake imetazamwa na watu wengi. Niliwaza hayo ni maneno ya mashine, inamwambia kila mtu. Lakini kulikuwa na watu pia. Kuna mwanamke aliandika chini ya picha ya geti moja, "Ahsante uliyeweka geti hili, nimemfikisha mama yangu bila kupotea." Hilo mume wangu alilisoma kwa kila mteja aliyekuja kupimwa, mpaka wengine walilisikia mara mbili.

Rafiki yake mmoja, motari wa kijiwe cha juu, alikuwa akipita lazima amchokoze.

"Mzee wa Ramani. Hao wenye ramani wanakulipa nini?"

"Wananipa nyota."

"Nyota." Akanigeukia. "Mama, nyota unazikaanga au unazichemsha?"

Nikamwambia asinitie kwenye mambo yao.

Mume wangu akamuuliza, "Wewe Jumamosi asubuhi ulikuwa wapi?"

"Si umuganda."

"Ulilipwa nini?"

"Ah, sha, ile iko yetu. Mtaro nikizibua, maji hayaingii kwangu."

"Na barabara ikiwa sawa kwenye ramani, hupotei na abiria wako. Hii si yetu?"

Rafiki yake akafikiri kidogo. "Hii sijui iko ya nani," akasema, na wote wawili wakacheka. Nami nikacheka. Niliona mume wangu ameshinda.

Ndivyo alivyoielewa kazi ile, na mimi pia ndivyo nilivyoielewa. Hatujui kazi nyingine ya bure inayofanywa na watu wengi ambao hawajuani. Na umuganda una desturi zake. Mtu mmoja wa nyumba akitoka, nyumba imetoka. Ukiwa na udhuru unamtuma mwanao au ndugu yako, anahesabiwa kama wewe, hakuna anayeuliza mikono ni ya nani. Kazi ikiisha mnaketi, na mwenye neno analisema.

Kulikuwa na Kinyinya, kule kaskazini wanakojenga kila siku. Leo ni shamba la mahindi, ukirudi ni ghorofa. Ramani ilikuwa inamuuliza habari za Kinyinya naye hawezi kufika kwa mkongojo. Wenzake wa kijiwe wanakwenda huko kila siku na mafundi ujenzi. Akawaomba. Yule rafiki na vijana wengine wawili walimletea simu zao, akafungua akaunti yake ndani ya kila moja, akawaonyesha pa kubonyeza. Mmoja akauliza, "Sasa itaandika jina langu?" Akamwambia, "Itaandika langu. Nyumba ni moja." Nilikuwepo, nilikuwa natia zipu kwenye gauni. Nilisikia maneno yale nikayaona ni ya busara. Binti alikuwa shuleni. Labda yeye angejua. Labda na yeye asingejua.

Miezi ile ilikuwa mizuri. Vijana walikuwa wanasimama barazani jioni kumpa ripoti, barabara gani mpya, duka gani limefunguliwa, wanamuita "Bosi." Hakuna tena sauti ya kumsalimia mgonjwa. Aliwakemea kama picha imepinda. Nilikuwa nakaa kwenye cherehani naona mume wangu amerudi kazini.

Nataka niwe mkweli hapa. Hakuna aliyemwahidi kitu. Wenye ramani hawakusema watamwajiri, hawakusema watamtembelea. Yeye mwenyewe alikuwa anasema, "Siku moja watataka mtu wa Kigali," lakini hayo aliyatoa kichwani mwake. Niliyasikia sikuyapinga.

Mwezi wa nane, binti yuko likizo, simu ikaandika ujumbe mrefu kwa Kiingereza. Mume wangu alijua ni habari kubwa kwa sababu ya urefu. Alimwita binti, akakaa vizuri, akaweka mkongojo pembeni. Nafikiri alidhani ndiyo siku yenyewe. Binti akasoma kimya mpaka mwisho, akaanza tena juu.

"Soma kwa sauti."

"Baba, wamefunga akaunti."

"Wamefunga wapi?"

"Wameifunga. Wanasema imefanya kazi za uongo. Picha zako wameziondoa."

Alichukua simu akabonyeza, akatafuta geti lile aliloshukuriwa. Picha haikuwepo, na neno la yule mwanamke halikuwepo.

Ni binti aliyekuja kutueleza baadaye, alipojua habari za zile simu tatu. Akaunti moja inajibu maswali Kinyinya, dakika ileile inapiga picha Kimisagara, na mwenyewe yuko Rwezamenyo. Kule waliko wenye ramani, mtu wa namna hiyo hayupo. Ni mashine, au ni tapeli anayeuza sifa za bandia. Nimejiweka mahali pao mara nyingi. Kama mteja angeniambia kaniona asubuhi Kinyinya na mimi nimeshinda hapa na cherehani yangu, ningesema ananidanganya. Wana haki ya kulinda ramani yao. Sheria zilikuwepo pia, binti alizitafuta akazionyesha, ndefu sana, na mume wangu alikuwa amezikubali kwa kidole siku ya kwanza. Hayo yote ni kweli. Bado nikimtazama naona hakudanganya kitu. Kila barabara aliyoiandika ipo.

Alimwambia binti, "Waulize kikao ni lini."

"Kikao gani, Baba?"

"Kikao. Watu hawafanyi kazi miezi yote hii wasikae. Nitajieleza."

Binti hakumcheka, na kwa hilo namshukuru. Alimwambia hakuna kikao, kuna mahali pa kuandika maelezo, kisanduku kidogo. Akasema sawa, andika. Akasimama kwa mguu mmoja ameshika nguzo ya baraza, maana mtu akiomba neno husimama.

"Anza kwa kuwasalimu."

"Baba, nafasi ni ndogo, hakuna pa kusalimu."

"Wao hawasalimiani?"

Binti akaandika salamu.

"Waambie, waheshimiwa, nashukuru kunipa nafasi hii. Mimi ni mwananchi wa Rwezamenyo. Vijana niliwatuma mimi, kwa sababu ya mguu. Kwa kosa hili wasilaumiwe wao. Kama haifai kumtuma mtu, sikujua, naomba radhi, nitafanya peke yangu mpaka pale nitakapofika. Naomba mnirudishe kazini."

Kisanduku kilijaa kabla ya kufika mwisho. Binti akafuta salamu, akafuta na waheshimiwa, ili "naomba mnirudishe" iingie. Alimwomba ruhusa kwanza. Kisha akageuza kwa Kiingereza, akabonyeza.

Jibu lilikuja chai yake haijapoa. Walisema wamelitazama ombi lake na uamuzi haubadiliki.

Nilitegemea ataudhika na jibu. Kilichomuumiza ni ile haraka. "Hawakusoma," akasema. "Mtu akisoma maneno ya mtu mzima, anachelewa kidogo."

Kwenye umuganda wa mwezi wa tisa alikuja kikaoni kama kawaida. Mkuu wa mtaa wetu ni mama mpole, ana duka la dawa, hana tabia ya kumkatisha mtu. Yalipoisha mambo ya mitaro, mume wangu akanyoosha mkono. Nilijua anachotaka kusema, nikamvuta shati, akanitoa mkono taratibu. Akasimama, akaeleza yote tangu mwanzo, ngazi za Kimisagara, vijana, zile simu, kisanduku. Alieleza vizuri kuliko ninavyoandika. Mwishoni akasema, "Naomba uongozi unisaidie kufikisha neno langu kwa hao watu."

Kuna sauti ya nyuma ilisema, "Umewajengea mtaa mzima, wamekufukuza mtaani." Watu wakacheka. Sidhani walicheka kwa ubaya. Ni maneno ambayo yeye mwenyewe angeyasema kwa mwingine.

Mkuu wa mtaa akasubiri kicheko kiishe. "Mzee, hao watu wako mtaa gani? Niambie, nimwandikie mkuu mwenzangu wa huko."

Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania. Uso wake haukuonyesha. Labda alitaka kweli kusaidia, na hiyo ndiyo njia anayoijua.

Mume wangu akahamisha mkongojo mkono wa pili. Watu wakaanza kutazama chini.

"Hawana mtaa," akasema.

"Basi, ihangane, mzee. Vumilia." Watu wakampigia makofi, kama tunavyompigia yeyote aliyetoa neno, naye akaketi. Wakaendelea na habari ya mbwa kuchanjwa.

Tangu siku ile haendi mbali na mlango. Vijana wa kijiwe walikuja mara kadhaa; wana huzuni, wanadhani wao ndio walioharibu, na kwa namna fulani ni kweli, na kwa namna nyingine siyo. Yule rafiki yake alikuja bila utani, akakaa kwenye benchi, akasema, "Bosi, fungua nyingine, kwa jina langu." Mume wangu akamjibu, "Nianze kuitwa wewe?" Hakuwa mkali. Rafiki akanywa maji, akaondoka.

Kitu kimoja binti aliniambia pembeni kabla ya kurudi shuleni, na sijawahi kumwambia baba yake. Picha zimeondoka, maneno yameondoka, lakini ngazi za Kimisagara bado zipo kwenye ramani. Na zile barabara za Kinyinya zipo. Hazikuandikwa aliyeziweka. Motari akifika pale sasa anaonywa mapema, anazunguka. Nimelifikiria hili nikipiga pasi, nikitembea. Siwezi kusema wamemwibia, kwa sababu alitoa kwa hiari yake na watu wananufaika, wakiwemo wenzake. Siwezi pia kusema hawakuchukua kitu. Nikifika hapo akili yangu inachoka.

Kibanda changu ndicho kilichorudi vibaya. Yeye alikuwa amekiweka sawasawa, na picha ya mlango. Sasa mshale unawatupa watu barabara ya juu, nyuma ya ukuta wa shule, ambako hakuna mlango wowote.

Leo mchana, baada ya umuganda, mvua ikarudi. Mwanamke mmoja akapiga simu, anatoka Kinyinya, anakuja kupimwa nguo ya harusi ya mdogo wake. Amepotea. Nilikuwa na pini mdomoni, kitambaa kimekwisha kutandazwa mezani, nikampa mume wangu simu bila kufikiri. Ni yeye aliyekuwa anawaelekeza wateja siku zote, hata kabla ya ramani, tangu tuoane. Alikuwa anajua kumleta mtu kwa maneno, shuka, utaona mti umekatwa, usigeuke kwanza.

Alisikiliza. Mwanamke alikuwa anaongea kwa nguvu kwa ajili ya mvua, kila neno nililisikia. Yuko kwenye ukuta mrefu, aende kushoto au kulia?

Mume wangu akatazama nje.

"Samahani, mama," akasema. "Njia mimi siijui. Fuata ramani."

"Ramani ndiyo imenileta hapa."

"Basi sijui."

Akanirudishia simu. Hakuwa amekasirika, ningependa angekuwa amekasirika. Nilitema pini kwenye kiganja, nikamwambia mteja asiondoke pale, nikachukua mwavuli nikapanda kumfuata. Nilimkuta amebana ukutani, viatu ameshika mkononi. Tukashuka pamoja, anaegemea bega langu kwenye utelezi.

"Yule aliyepokea simu ni mgeni hapa?" akauliza.

Nikasema ndiyo, ni mgeni.

Tulipofika mume wangu hakuwepo kwenye benchi. Nilimpima mteja, tukapatana siku ya kujaribu, nikamsindikiza mwenyewe mpaka barabarani. Niliporudi ndani alikuwa amelala kifudifudi, macho wazi, mguu wake umenyooka. Nilimuuliza kama unauma. Akasema hauumi. Nikamuuliza kama nimkandie. Akasema, "Kwa safari ipi, Mama?"

Nikaenda kuwasha jiko, mkaa umepata unyevu, ukachelewa kushika. Jioni tumekula viazi vitamu na maharage, na dodo, mchicha wa huku kwetu, niliouchuma nyuma ya nyumba. Amekula nusu, nusu nimeifunika.